Vijiti viwili vya mjane na mashindano ya nishati shuleni



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, nabii Eliya anafika kwenye lango la mji wa Sarepta wakati wa ukame na kumkuta mama mmoja mjane akiokota kuni. Anamwomba maji ya kunywa, kisha anamwomba na mkate. Mama anamweleza hali yake bila kuficha: amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na hapo alipo anaokota vijiti viwili akapike kwa ajili yake na mwanawe, wale, kisha wangoje kufa. Nimehubiri somo hili mara nyingi tangu nipewe daraja la upadri, na kila mara nimehubiri unga na mafuta ambavyo havikwisha. Kuni sikuwahi kuzitaja.

Lakini nabii hakumkuta mama yule akipima unga. Alimkuta nje ya lango, ameinama, anatafuta cha kuwashia moto. Unga hauliwi mbichi, na yule mama alijua hivyo kabla ya mhubiri yeyote. Ndivyo ilivyo hata huku kwetu. Panda barabara ya Kibosho au ya Uru Jumamosi asubuhi, utakutana na akina mama wanaoteremka na mizigo ya kuni kichwani, wengine wana umri wa mama yangu mzazi. Tunawapita kwa gari, tunawapa shikamoo kupitia dirishani, tunaendelea na safari.

Nimeanza na mjane huyu kwa sababu ya jambo ambalo limekuwa la kawaida katika habari za shule zetu: mashindano ya wanafunzi ya kutafuta ufumbuzi wa tatizo la nishati. Serikali inayo MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, na ndani yake shule za msingi na sekondari zina makundi yao. Ipo pia Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambamo wanafunzi wa sekondari wakiongozwa na mwalimu wao huchunguza tatizo la mahali wanapoishi na kwenda kuonyesha walichokipata Dar es Salaam. Majirani zetu wa Kenya wana maonyesho yao ya sayansi na uhandisi yanayopanda kutoka chini hadi taifa, na humo nishati na usafirishaji ni kundi linalojitegemea. Chini ya hayo makubwa kuna mengi madogo ambayo hayafiki magazetini: ya shule moja, ya kata, ya shule kadhaa za jimbo. Mada inayopendwa sasa ni nishati jadidifu, ile isiyokwisha ukiitumia: jua, maji, upepo, samadi, makapi ya mimea. (Ukimuuliza mzazi wa Moshi UMISSETA ni nini atakujibu hapo hapo. Muulize MAKISATU, atadhani ni jina la kijiji.)

Mada hiyo haikuangukia shuleni kwa bahati. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo ilikuwa imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Kisha Machi 2025, Rais alipokuja mkoani kwetu kwa ajili ya mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, alieleza kwamba kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini hadi huku hupotea mwingi njiani. Wengi walishangaa, wengine walikasirika. Mimi nilijiuliza jambo dogo zaidi. Mtoto wa kidato cha pili aliyekaa chini ya Mlima Kilimanjaro, mlima unaotoa mito pande zote, anaelewa nini anapoambiwa umeme wake utatoka Ethiopia?

Mwalimu mwenye busara angelifanya hilo kuwa swali la darasa. Na hapo ndipo mashindano ya namna hii yanapokuwa na faida.

Watu wachache wanajua kwamba mashindano ya sayansi ya vijana ambayo Young Scientists Tanzania imeyachukua kama mfano yalianzishwa na padri. Padri Tom Burke alikuwa Mkarmeli na mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha University College Dublin. Yeye na mwenzake, Tony Scott, waliona maonyesho ya sayansi ya wanafunzi wakiwa Marekani, wakarudi nyumbani na wazo hilo, na mwaka 1965 wakafanya maonyesho ya kwanza mjini Dublin, katika jumba la Mansion House. Yanaendelea hadi leo, na washindi wetu wa Tanzania wamepata kuyahudhuria. Nalitaja hili kwa furaha, maana bado wapo waamini wanaodhani padri akizungumzia mota na betri amepotea njia. Lakini nalitaja pia kwa aibu kidogo, kwa sababu ya kisa kifuatacho.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mmoja wa majaji watatu katika mashindano ya nishati jadidifu ya shule moja ya bweni huku mlimani. Shule sitaitaja, na ya kulaumiwa si shule, ni sisi tuliokaa meza ya mbele. Shule hiyo nilikuwa naifahamu vizuri. Nilikuwa mjumbe wa bodi yake na bado ni mjumbe. Kulikuwa na vielelezo kama kumi na vitano. Tulipewa karatasi yenye vigezo: ubunifu, muonekano, uwasilishaji, kujiamini.

Kijana mmoja alileta kinu cha upepo alichokitengeneza kwa mabati, spoku za baiskeli na mota ya feni mbovu. Kilikuwa kimepakwa rangi ya bendera na chini yake palikuwa na kijiji kidogo cha maboksi chenye taa zinazowaka. Alieleza kwa Kiingereza kizuri. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba taa zile wakati huo zinawashwa na betri kwa sababu ukumbini hakuna upepo. Tulicheka naye, tukapiga makofi, tukampa ushindi. Hakuna kati yetu watatu aliyemuuliza kama amewahi kupima upepo pale shuleni. Shule ile imezungukwa na migomba na migrevilea kiasi kwamba bendera yenyewe hulala mlingotini siku nyingi za mwaka.

Katika kona walikuwapo mabinti wawili wa kidato cha tatu. Kielelezo hawakuwa nacho. Walikuwa na kaunta buku moja, sufuria moja, na kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba. Kwa wiki mbili walikuwa wameamka pamoja na mama mpishi, wakiazima mzani wa stoo, na kupima kuni kabla hazijaingia jikoni. Kuwapikia makande wanafunzi mia nne na ushee bila kuloweka mahindi na maharage kulimeza kilo 160 hivi za kuni. Vikilowekwa tangu usiku, kilo 105. Chungu kidogo kikishachemka na kufunikwa ndani ya kikapu chenye majani kiliendelea kuiva chenyewe bila moto. Waliandika pia kwamba ng'ombe sita wa shule, kwa samadi yao, wangetoa bayogesi ya kutosha kuchemsha chai ya walimu na maji ya wagonjwa. Uji wa wanafunzi ungehitaji ng'ombe karibu mara mbili. Hawakudai zaidi ya walichopima.

Tuliwapa cheti cha ushiriki. Jaji mwenzangu alisema, na mimi nikaafiki kwa kichwa, kwamba kuloweka maharage si sayansi, ni mapishi.

Baada ya picha na mgeni rasmi, mmoja wa wale mabinti alinifuata nilipokuwa naelekea kwenye gari. “Tumsifu Yesu Kristo, Baba.” Nikaitikia. Akasema: “Baba, samahani. Leo chakula cha wageni kimepikwa kwa kuni. Haya mashindano yalikuwa ya nani?” Hakusema kwa ufedhuli. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Nilimjibu kitu kama “mambo haya ni hatua kwa hatua, binti yangu”, nikapanda gari.

Mpendwa msomaji, sisi Watanzania hatuna udhuru wa kumcheka mtoto mwenye swali, maana tulishafundishwa somo hili na mtoto wetu wenyewe. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye friza aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likamcheka. Alipofika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kijana aliuliza tena swali lile lile mbele ya wote. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi hapa hapa kwetu, katika Chuo cha Wanyamapori Mweka. Leo wanafizikia wa dunia nzima wanaliita jambo hilo kwa jina lake, na bado wanabishana juu ya sababu yake.

Nimewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa ili kumsifu Mpemba, na ni haki yake. Mimi hunigusa zaidi yule mgeni aliyekwenda kujaribu. Kama asingejaribu, Mpemba angebaki mtu mwenye hadithi ya aiskrimu.

Sasa tuitazame hali ilivyo mlimani, maana mashindano ya nishati yakifanyika Moshi hayana budi kuanza na kile ambacho Mungu ameweka Moshi. Watu hufikiri maji yetu yanatoka kwenye barafu. Barafu kweli inakwisha: mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12, na kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Lakini watafiti waliokaa mlimani miaka mingi, akiwamo Mjerumani Andreas Hemp, wameonyesha kwamba maji ya mito na chemchemi zetu hutegemea zaidi msitu, ambao hupokea mvua na kunasa ukungu, na kwamba moto unaokula msitu wa juu unatunyima maji mengi kuliko barafu inayoyeyuka. Mnakumbuka moto wa Oktoba 2020. Taarifa ya kwanza ya TANAPA ilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Hata huko juu, habari ilikuwa ya kuni na sufuria.

Kwa hiyo mzigo wa kuni kichwani mwa mama wa Uru na bomba la maji la mjini ni jambo moja. Wazee wanaikumbuka Nusu Maili, ukanda uliotengwa enzi za ukoloni kati ya vijiji na msitu ili wanakijiji wapate kuni na mbao. Msitu ulipoingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, masharti yalikaza. Sisemi ilikuwa makosa. Msitu ulikuwa unaliwa. Lakini mama aliyeambiwa asikate alipaswa pia kuambiwa apikie nini, na jibu hilo limechelewa.

Na majibu yapo mengi, tena mengine tuliyasahau. Mababu zetu walichimba mifongo, wakayaongoza maji ya mlima hadi kwenye kila kihamba bila mhandisi kutoka nje, na walikuwa na utaratibu wa nani anasafisha mfongo siku gani. Kule Kikuletwa, wilayani Hai, palikuwa na kituo kidogo cha umeme wa maji tangu enzi za ukoloni, kikaja kufa. Leo Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu mahali hapo hapo. Maji ya Kikuletwa yakiungana na ya Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati nane. (Jina zuri kuliko yote nchini kwa kituo cha umeme, nashangaa mapadri wenzangu hawajalihubiria.) Kusini ya mji, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme wake na kuiuzia TANESCO ziada. Huko tambarare jua ni kali karibu mwaka mzima. Na huku juu kila kihamba kina ng'ombe wa zizini anayekatiwa majani na kuletewa migomba, kwa hiyo samadi iko mlangoni, haihitaji kutafutwa porini. CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikijenga mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Mitambo mingi inafanya kazi. Mingine nimeiona imegeuzwa shimo la taka kwa sababu valvu iliharibika na fundi hakupatikana.

Hili la fundi ndilo ningependa wanafunzi washindanie. Kwa nini mtambo ulikufa? Nani angeutengeneza, kwa shilingi ngapi, na kipuri kinauzwa wapi? Mtoto akileta majibu ya maswali hayo kuhusu mtambo mmoja tu wa kijijini kwake, amefanya utafiti. Lakini haung'ai, hauna taa, na mgeni rasmi hapigi nao picha.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao ningependa waalimu wausaidie. Tunachanganya nishati safi na nishati jadidifu. Mtungi wa gesi tunaopewa kwa ruzuku ni safi kwa mapafu ya mama, na kwa sababu hiyo mimi nauunga mkono bila kusita. Nimezika akina mama waliokohoa miaka mingi jikoni. Lakini gesi ile inachimbwa ardhini na kuletwa kwa meli, nayo itakwisha, na bei yake hatuipangi sisi. Vivyo hivyo shule inayoacha kuni na kununua mkaa mbadala wa STAMICO imeuokoa msitu, ila mkaa huo hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Hayo ni maamuzi ya watu wazima, yenye faida na hasara. Mtoto anayeshindana ana haki ya kuelezwa faida na hasara hizo, asije akatoka shuleni akidhani kila kilichoandikwa “mbadala” kimetoka mbinguni.

Kanisa nalo halipaswi kuzungumza kama mtazamaji. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, alitoa mfano wa ushirika mdogo wa wananchi unaozalisha nishati jadidifu kwa mahitaji ya mahali pao. Tuliosoma waraka ule tukiwa hapa tulipaswa kuinua vichwa: huu ni mlima wa KNCU, ushirika wa tangu 1933! Juni 2024 aliagiza eneo la Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, litumike kwa umeme jua utakaotosha Vatikani nzima. Na kama Roma ni mbali, tazama Songea. Masista Wabenedikti wa Mtakatifu Agnesi wa Chipole wamejenga kituo cha umeme wa maji cha Tulila kwenye Mto Ruvuma, megawati tano, kilichoanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme. Masista! Nilipowaeleza habari hii wanaume wa jumuiya moja, mzee mmoja aliniuliza nani aliwapa kibali. Nilimwambia labda walianza kwa kuomba, kama wanavyofanya masista.

Najua hoja ya wakuu wa shule, maana nimekaa nao vikao vingi. Wanasema: Padri, mashindano ni ya kuwafundisha watoto, si ya kutengeneza jiko la shule, ada hazilipwi kwa wakati, mtambo wa bayogesi ni mamilioni, na mzazi akikosa kuona matokeo ya kidato cha nne hatauliza tumepika kwa nini. Hoja hii si ya kipuuzi. Mwanafunzi ana haki ya kujaribu kitu kisichofanya kazi, na hata kinu cha yule kijana kilimfundisha mengi. Leo ni fundi umeme mzuri, namfahamu. Sitaki mashindano yageuzwe kuwa njia ya kupata wahandisi wa bure.

Lakini kuna hali moja ambayo siikubali, nayo ndiyo ya wale mabinti: mtoto anapoleta jibu lisilohitaji hata shilingi moja, na watu wazima wakaliacha kwa kuwa limetoka kwa mtoto na halina rangi. Kuloweka maharage hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu wa kumwambia mama mpishi aanze leo jioni. Injili ya Yohane, sura ya 6, inamtaja kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili, na Andrea ndiye aliyemtaja kwa Bwana, ingawa hata yeye aliona ni kidogo mno kwa watu wengi vile. Bwana hakumpa yule kijana cheti cha ushiriki. Alichukua mikate yake na kuitumia, pale pale, kwa chakula cha siku ile.

Kisa changu kina sehemu ya pili. Mama mpishi wa shule ile hakuwa amekaa meza ya majaji, ila alikuwa ameamka na wale mabinti alfajiri kumi na nne, na alikuwa ameona mzani kwa macho yake. Akaanza kuloweka bila kumwambia mtu. Fuso la kuni lililokuwa likija kila baada ya wiki tatu likaanza kuja baada ya mwezi mmoja na zaidi. Mhasibu alidhani kuna mtu anaiba ankara. Alipomuuliza mama mpishi, akajibiwa, “Tunafuata daftari la wale watoto.” Ndipo na mimi nikapata habari, katika kikao cha bodi, kwenye kipengele cha mengineyo. Nilicheka na wenzangu. Usiku sikulala vizuri.

Ningependa kukuambia kwamba jambo hilo liliendelea hadi leo. Mama mpishi alistaafu mwaka uliofuata. Aliyekuja hakuelezwa na mtu, na Fuso likarudi kwenye wiki zake tatu. Mabinti walimaliza kidato cha nne wakaondoka. Hakuna sheria ya shule iliyowahi kuandikwa juu ya kuloweka, wala bodi, mimi nikiwamo, haikuwahi kuipitisha. Shule imefanya mashindano mengine mara mbili tangu wakati ule. Ya mwisho yalishindwa na gari dogo la sola.

Mwezi uliopita nilikwenda pale kuungamisha, na kwa kuwa nilifika mapema nilipita jikoni. Mpishi mpya ni kijana mwenye adabu, amesomea mapishi. Nilimuuliza kama analoweka maharage. Alisema hapana, kwa sababu ndoo kubwa zilizokuwapo zilipasuka na aliomba nyingine tangu muhula uliopita. Ndoo, mpendwa msomaji. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia kama kaunta buku la wale mabinti lipo. Lilikuwapo, kabatini, chini ya kinu cha upepo ambacho panga zake mbili zimekatika. Jalada limeliwa na mende kidogo, lakini hesabu zote zinasomeka, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu, na mwishoni wameacha kurasa tano tupu zenye mistari tayari, wameandika juu yake “kipimo cha muhula ujao”.

Nimeliomba, nikapewa, liko mezani kwangu ninapoandika haya. Nimepeleka maombi mawili kwenye bodi. La kwanza, karatasi ya majaji wa mashindano yajayo iongezewe swali moja: kitu hiki kitatumika wapi hapa shuleni, na nani atakitunza mwanafunzi akimaliza? La pili, ndoo sita za lita mia, na wanafunzi wawili wa kujaza zile kurasa tano. Kikao ni Alhamisi. Mwenyekiti ameliweka suala langu kwenye ajenda namba saba, baada ya ukarabati wa geti.